Ngara, Biharamulo na Mfuko wa Ligi

Mtu akiipitia orodha ya mabingwa wa ligi ya mpira wa miguu ya Tanzania tangu ilipoasisiwa mwaka 1965, hatalikuta humo jina la Ngara wala la Biharamulo, wala hatakuta klabu hata moja ya mkoa wa Kagera; na akiwa mwepesi wa kuhukumu atasema kwamba watu wa magharibi ya Ziwa Viktoria si hodari wa mpira, au kwamba wanaupenda kwa masikio kuliko kwa miguu. Hukumu ya namna hiyo haina insafu. Ligi yetu haikupata, hata katika siku zake za neema, kuishi kwa viingilio vya watazamaji peke yake. Aghalabu imeishi kwa ziada ya biashara nyingine, ikiwa sukari, pamba, reli, sigara, bia, simu au, katika zama hizi, visimbuzi vya televisheni, na kwa hiyo orodha ya timu zake katika mwaka wowote, ikisomwa kwa jicho la mhasibu, ni daftari la watu waliokuwa na fedha za kuzidi haja zao katika mwaka ule. Wilaya za Ngara na Biharamulo zimepata kuwa na mali, tena si haba. Walakini mali ile ilipita njia, na mwenye kuimiliki hakukaa pale.

Nchi hizi mbili zilikuwa kwa muda chini ya bwana shauri mmoja, kwa maana katika sehemu ya utawala wa Waingereza Ngara iliangaliwa kutoka Biharamulo, mji ambao Wajerumani walikuwa wamekwisha kuujengea boma. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilihesabiwa kabla ya vita vya kwanza vya dunia katika milki ya mwami wa Burundi, na Ubelgiji ilipokabidhiwa Ruanda-Urundi nchi hiyo ikabaki upande wa Waingereza kwa mstari uliochorwa Ulaya na watu ambao hawakupata kuuona mto Ruvubu. Upande wa Biharamulo balaa lilikuwa mbung'o: ugonjwa wa malale uliifanya serikali, katika miaka ya 1930, iwakusanye watu katika makazi ya pamoja na kuyaacha mapori mapana bila mkazi, na mapori hayo ndiyo yaliyokuja kufanywa hifadhi za wanyama. Upande wa Ngara, ambako vilima vilikuwa na watu wengi na fedha chache, vijana walishika njia ya kaskazini kwenda Buganda kulima pamba na kahawa za watu wengine kwa ujira, wakarudi, wale waliorudi, na fedha ya kodi na mahari. Bugufi ilipanda kahawa yake na kuanzisha chama chake cha ushirika katika miaka ile ile ya 1930, na jambo hilo linastahili sifa. Ila kahawa ile ilikuwa kidogo, na soko lilikuwa mbali.

Nimeyataja haya kwa sababu mpira wa kulipwa una masharti yake, nayo hayatofautiani sana na masharti ya biashara nyingine. Ligi ya Uingereza, mama wa ligi zote, ilianza mwaka 1888 kwa klabu 12, na zote zilitoka katika miji ya viwanda ya kaskazini na ya kati, mahali ambapo mfanyakazi alikuwa na ujira wa juma mfukoni, mapumziko ya Jumamosi alasiri, na gari la moshi la kumpeleka uwanjani na kumrudisha. London yenyewe, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa na klabu hata moja katika zile 12. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 320,056 katika Ngara na 323,486 katika Biharamulo, na idadi hiyo ingetosha kuilisha klabu kubwa kama ingalikuwa ya mji mmoja. Bali watu hawa wametawanyika katika vijiji vyao, mapato yao huja kwa msimu wa mavuno wala si kwa juma, na njia ya kutoka kijiji kimoja hadi kingine hula fedha ambayo ingekuwa kiingilio. Mpira uliingia huku kama ulivyoingia sehemu nyingi za bara, kwa shule za misheni, za Mapadre Weupe upande mmoja na za Waanglikana wa CMS upande wa pili, na ulichezwa juu ya majani, penye goli mbili za miti na watazamaji waliosimama pande zote nne. Uwanja usiokuwa na ukuta hauna mlango, na pasipo mlango hakuna wa kukusanya senti.

Mwanauchumi wa Marekani, Walter Neale, aliandika mwaka 1964 kwamba biashara ya michezo ina shani yake, kwa kuwa mfanyabiashara wa kawaida hufurahi washindani wake wakifilisika, ilhali bingwa wa michezo asiyekuwa na mshindani hana cha kuuza. Akamtaja Joe Louis, mpiga ngumi, ambaye pasipo kuwako Max Schmeling asingalikuwa na mtu wa kupigana naye wala kipato cha pigano hilo. Mwaka uliofuata kuandikwa kwa maneno hayo ligi yetu ilizaliwa, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ile ile inayoitwa Simba tangu 1971. Yeye na mtani wake Young Africans, klabu iliyoasisiwa 1935, walikuwa na mashabiki wa kutosha kuujaza uwanja wowote, lakini hawawezi kucheza wao kwa wao mwaka mzima. Wanahitaji wapinzani, na wapinzani lazima wale, walale, wasafiri na kuvaa viatu. Wamarekani walilitatua tatizo hilo kwa hesabu ya makusudi, wakiigawa fedha ya televisheni sawasawa na kuipa timu iliyoshika mkia haki ya kuchagua kwanza katika wachezaji wapya. Sisi tulilitatua pasipo kukusudia: mpinzani alilishwa na shirika la umma.

Zama zile za mashirika zinafaa kutazamwa kwa utulivu, maana ndizo pekee ambamo mkoa wa mbali uliweza kuwa na timu ya daraja la kwanza bila ya kuwa na tajiri. Morogoro ilikuwa na Reli, Mwanza ilikuwa na Pamba, Moshi ilikuwa na Ushirika, Dar es Salaam ilikuwa na Sigara, na majina hayo hayahitaji kufasiriwa. Serikali ilipolivunja shirika lake kubwa la biashara, STC, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kuweka mahali pake kampuni za biashara za mikoa, kila mkoa ulipata ghala lake, malori yake, na hesabu yake ya faida. Na mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao tangu 1979, baada ya vita vya Idi Amin, unaitwa Kagera, ulipata kwa njia hiyo timu ya RTC Kagera. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mchezaji aliandikwa kazi katika kampuni, akapokea mshahara kama karani au mtunza ghala, na alasiri akaruhusiwa kwenda mazoezini. Timu haikuwa na hesabu ya faida na hasara kwa sababu haikuwa na hesabu kabisa, gharama yake ikiwa imefichwa katika gharama ya kuuza sukari na sabuni. Na sabuni ile iliuzwa Rulenge, Nyakanazi, Biharamulo mjini na kila mahali palipofika lori la RTC, hata mtu anaweza kusema, bila ya kutia chumvi, kwamba mkulima wa Ngara alikuwa mmoja wa wadhamini wa timu ambayo pengine hakupata kuiona, kwa kuwa uwanja wa Kaitaba uko Bukoba, na kutoka Ngara hadi Bukoba ni safari ya zaidi ya kilomita 300.

Kwa nini kahawa ya Moshi ilizaa timu na ya Bugufi isizae? Wingi ni sehemu ya jawabu, na sehemu nyingine ni mji. Ushirika unaotaka kumiliki timu lazima uwe na makao makuu, na makao makuu hukaa mjini, penye benki, stesheni na uwanja wenye ukuta. Tena vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na katika kipindi kile chama kidogo cha mpakani hakikuwa na nafasi ya kufikiri juu ya jezi. Huenda mtu akanikumbusha Tukuyu Stars, waliotoka mji mdogo wa milimani wakawa mabingwa wa nchi mwaka 1986, na ni haki yake. Ila na atazame mwisho wa habari ile pia. Klabu zenye mfuko ziliwatwaa wachezaji wale mmoja baada ya mwingine, na ubingwa wa Tukuyu haukurudi tena.

Kilichofika Ngara na Biharamulo kwa ukamilifu, bila ya kupungua njiani, ni sauti. Radio Tanzania ilikuwa na watangazaji wa mpira ambao sanaa yao haijapata mrithi kwa rai yangu, akina Ahmed Jongo na Halima Mchuka, na betri mbili za redio ziliweza kukiingiza kijiji kizima ndani ya Uwanja wa Taifa. Faida yake kwa nyoyo za watu ilikuwa kubwa. Athari yake katika soko ilikuwa ya namna nyingine, na haikutambuliwa upesi. Kijana wa Kabanga au wa Nyakahura alizaliwa akiwa Simba au Yanga kama mtu anavyozaliwa katika dini ya wazazi wake, na timu ya wilaya, hata kama ingalikuwako, ingalimkuta amekwisha kuoa. Redio haikumtoza kitu wala haikuipa klabu ya Dar es Salaam kitu, lakini ilipanda mbegu ambayo miaka thelathini baadaye wauza visimbuzi walikuja kuivuna.

Katika miaka ya 1990 mashirika yaliuzwa au yalikufa, na timu zao zikafuatana nayo. RTC Kagera ilikwenda njia moja na kampuni yake, Ushirika hivyo hivyo, na Pamba ikaporomoka na kukaa nje ya Ligi Kuu hadi iliporudi katika msimu wa 2024/25 ikiwa mali ya jiji. Kiwanda cha sukari cha Kagera, kilichoumizwa na vita vya 1978, kilibinafsishwa mwaka 2001, na tajiri mpya akawa na timu, Kagera Sugar, ambayo kwa takriban miaka ishirini ilibeba bendera ya mkoa mzima pale Kaitaba hadi iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Mashamba yake yako Missenyi, kaskazini, karibu na mpaka wa Uganda. Mtu wa Ngara aliyetaka kuitazama timu ya mkoa wake alikuwa karibu zaidi na Kigali kuliko na Kaitaba, na hapo pana jawabu la wale wanaoshangaa kwa nini timu ya mkoa haikuwahi kuwa na mashabiki wa mkoa mzima.

Sipendi kuzungumza habari ya mapato mbele ya msiba, lakini historia ya soko la Ngara haiwezi kuandikwa pasipo mwaka 1994. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, kwa muda wa saa 24, yapata watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco, iliyopata jina lake kwa kampuni ya Kitaliani iliyokuwa imejenga barabara pale, ikawa mji ambao watu walisema ni wa pili kwa ukubwa katika Tanzania. Msongamano ambao ligi yoyote huuombea ulitokea kwa siku moja. Walakini watu wale hawakuwa na ujira. Walikuwa na mgawo wa mahindi na maharage, na fedha iliyozunguka, ambayo kweli ilikuwa nyingi, ilikuwa ya mashirika ya kigeni, ya magari, ya nyumba za kupanga na ya mishahara ya miezi michache. Kufikia mwisho wa Desemba 1996 Wanyarwanda walio wengi walikuwa wamerudishwa kwao, na fedha ile ikawafuata. Kitu kimoja cha kudumu kilichobaki ni Radio Kwizera, iliyoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi.

Biharamulo ilikuwa na bahati nyingine, nayo ilikuwa ya dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza kuzalisha mwaka 2005, ukachimbwa na kampuni ya kigeni hadi 2013, kisha ukachukuliwa na shirika la taifa la madini, STAMICO. Upande wa pili wa pori, Geita, mgodi mkubwa zaidi ulikuwa umekwisha kuanza, na Geita leo inajulikana katika mpira: timu ya Geita Gold, mali ya halmashauri ya mji kwa udhamini wa mgodi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021. Tofauti ya Biharamulo na Geita imetokana na umri wa mgodi zaidi kuliko kipaji cha vijana. Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yaliwalazimisha wachimbaji kupatana na serikali za mitaa juu ya fedha za huduma kwa jamii, na kwa mlango huo halmashauri zilipata mfuko ambao haukuwako kabla. Geita ilikuwa na mgodi ulio hai siku sheria ilipokuja, na Tulawaka ilikuwa imekwisha kuondokewa na mwenyewe wa kwanza. Chato nayo, iliyokuwa sehemu ya Biharamulo, ilimegwa na mwaka 2012 ikaingia katika mkoa mpya wa Geita. Hata hivyo dhahabu haikuiokoa Geita Gold isishuke daraja mwaka 2024.

Na wachezaji je? Simon Rottenberg, aliyeandika mwaka 1956 juu ya soko la wachezaji wa besiboli, alisema kwamba mchezaji mwishowe huenda pale ambapo kazi yake ina thamani kubwa zaidi, na kwamba kanuni za usajili huamua tu nani atakayepokea fedha. Wazee wa Bugufi waliokwenda Buganda walilijua neno hilo bila ya kulisoma. Amissi Tambwe alitoka Vital'O ya Bujumbura akaja Simba mwaka 2013, akawa mfungaji bora kwa mabao 19. Saido Ntibazonkiza, Mrundi kama yeye, alipita Geita Gold mwaka 2022, akahamia Simba msimu haujafika mwisho, akamaliza kwa mabao 17 sawa na Fiston Mayele wa Yanga. Soko hilo lina daraja refu kutoka Bujumbura hadi Dar es Salaam, na Ngara iko chini ya daraja. FIFA iliweka mwaka 2001 kanuni kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei igawiwe klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kanuni nzuri, yenye adili, ila humtaka mdai awe klabu iliyosajiliwa na yenye karatasi zake. Kijana wa vijiji hivi hulelewa na mwalimu wa shule na timu ya kata, na mwalimu hana cheti cha kumdai mtu.

Fedha ya sasa ni kubwa kuliko zote zilizotangulia. Msimu wa 2018/19 uliendeshwa bila mdhamini mkuu. Vodacom ilirejea 2019 kwa mkataba wa shilingi bilioni 9 kwa miaka mitatu. Kisha mwaka 2021 Azam Media ikanunua haki za televisheni kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na benki ya NBC ikatia jina lake katika ligi. Mfuko umebadilika tabia: yule aliyekuwa akifadhili timu kwa ziada ya sukari sasa anashindana na fedha inayotoka kwa mtazamaji mwenyewe, na mtazamaji huyo yuko Ngara kama alivyo Temeke. Huingia kibandaumiza kwa shilingi mia chache, akakaa juu ya benchi lisilo na egemeo, na kutoka kwake fedha hupanda hadi kwa mwenye kibanda, kwa wakala wa kisimbuzi, kwa kampuni, kwa ligi, na kwa klabu ishirini au kumi na sita kama zitakavyokuwa, ambazo hakuna iliyo yake. Kwa mara ya kwanza katika historia wilaya hizi zinalipa kiingilio cha Ligi Kuu, na zinalipa kila juma.

Pembeni ya hayo kuna mpira ambao fedha yake haitoki nje ya tarafa, nao ni ndondo. Timu huchangia ada ya kuingia, mshindi huchukua mbuzi au ng'ombe, mfanyabiashara au mwanasiasa hutoa mipira na jezi hasa mwaka wa uchaguzi ukikaribia, na wale wanaotaka kushinda kwa vyovyote hukodi mamluki kutoka kata ya jirani, wakawalipa nauli, chakula na kitu kidogo cha mkononi. Kila kanuni ya soko la wachezaji imo humo, pamoja na malalamiko yake yote juu ya mwamuzi na juu ya uhalali wa usajili, na sijui kama matajiri wa Ulaya wameongeza jambo lolote ila idadi ya sifuri.

Mwenye timu wa zama hizi ni halmashauri, kama Kinondoni ilivyokuwa na KMC, Mbeya na Mbeya City, na Geita na timu yake. Zote ni halmashauri za miji, zenye ushuru wa maduka, vituo vya mabasi na masoko. Halmashauri ya Ngara hutegemea ushuru wa mazao, na nikeli ya Kabanga, ambayo imejulikana tangu miaka ya 1970 na kupewa kampuni ya ubia ya Tembo Nickel mwaka 2021 serikali ikiwa na hisa asilimia 16, ilipangiwa kusafishwa Kahama. Pengine siku mgodi ule utakapoanza patatokea diwani wa kusimama barazani na kuomba sehemu ya fedha zake iundiwe timu, na patatokea mwingine wa kumjibu kwamba zahanati ya kata yake haina paa. Na mimi, pamoja na mapenzi yangu yote kwa mpira, ningempigia kura huyu wa pili.